Redio haina kosa, tatizo lilikuwa "ethi ni ethi tu"

Nilishajiandaa kabisa kuandika kwamba hii redio ya gari niliyofungiwa ni takataka na mtu asithubutu kuinunua. Sasa siandiki hivyo tena, ila hasira bado ninazo kwa hiyo mnivumilie.

Kilichoniuma zaidi ni jibu nililopewa. Nimerudi kwa fundi aliyenifungia mara ya tatu, gari imewaka kwa kusukumwa asubuhi hiyo, nguo zimelowa jasho, namuuliza kwa upole kabisa, fundi samahani, huu waya mweusi wa ethi (yaani ule wa kurudisha umeme kwenye chuma cha bodi ya gari) uliufunga wapi? Hata uso hakunyanyua, yuko kwenye simu. "Bosi, ethi ni ethi tu. Mimi nafunga redio tangu wewe hujajua kushika usukani. Hiyo betri yako imekufa, kanunue nyingine." Akaendelea na simu yake. Nimesimama pale kama nimekuja kuomba msaada, wakati hela yangu alishaichukua yote siku ya kwanza.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Redio niliinunua mwenyewe, na adapta ya soketi nikaitafuta mwenyewe ili asikate waya za gari, nikamkabidhi mkononi. Siku aliyofunga nilifurahi, sikatai. Imekaa vizuri kwenye dashibodi, simu inaunganika haraka, sauti safi. Nikazima gari, nikaja kuwasha baadaye, saa imerudi mwanzo na stesheni zote zimepotea. Kila nikizima ni hivyo hivyo. Nikamrudia, akaingiza mkono nyuma ya redio dakika mbili tu, akasema shida imeisha.

Kweli stesheni zikabaki. Lakini sasa redio haizimi ukichomoa ufunguo! Nikampigia, akaniambia niwe nazima kwa kitufe. Nikawa nazima kwa kitufe. Gari ikilala siku mbili bila kutembea haiwaki, stata inalia tak tak basi. Na juu ya hapo kukawa na mlio mwembamba kwenye spika kama mbu, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, safari nzima. Yaani unapunguza sauti ya muziki na mbu yupo pale pale.

Baada ya lile jibu lake sikununua betri, nilinunua mita. Naomba mtu yeyote mwenye shida kama yangu afanye hivyo kwanza kabla ya kutoa hela ya betri. Nilizima kila kitu, nikafunga milango, nikafungua terminali ya hasi ya betri, nikaweka mita katikati ya waya na betri kwenye upande wa ampea 10 (na wakati huo usijaribu kuwasha gari, utaunguza fyuzi ya mita). Nikasubiri zaidi ya nusu saa gari ilale, yaani vifaa vyake vya umeme vitulie vyenyewe. Mita inasoma ampea 0.38. Gari iliyolala inatakiwa iwe chini ya 0.05 hivi. Nikachomoa fyuzi ya redio, ikashuka mpaka 0.03. Nilikaa chini pale pale. Piga hesabu, 0.38 mara saa 48 ni kama ampea-saa 18, betri ya gari dogo ina 45 tu ikiwa mpya. Betri haikuwa imekufa, ilikuwa inanyonywa kila usiku na mtu aliyeisababisha ananituma dukani!

Nikatoa redio. Jamani. Soketi ya gari imekatwa yote, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ambayo ilishaanza kuteleza kwa joto. Waya wa njano na mwekundu kaviunganisha pamoja. Kwa asiyejua, kwenye hizi redio za kununua, njano ni wa umeme wa moja kwa moja kutoka betri, ndio unaotunza saa na stesheni. Mwekundu ni wa swichi, unatakiwa upate umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Mwanzoni yeye alifunga njano kwenye swichi, ndiyo maana redio ilikuwa inasahau. Nilipolalamika akahamishia vyote viwili kwenye umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo redio ikawa haijui kama gari imezimwa. Kurekebisha ni mita na dakika kumi, unatafuta waya wa gari ambao una volti 12 wakati wote, huo unaenda na njano, halafu ule ambao ni sifuri mpaka ugeuze ufunguo, huo na mwekundu. Usifuate rangi za waya za gari, kila kampuni na rangi zake, pima.

Sasa ule waya mweusi, ile ethi yake. Nilipoulizia siku ile nilikuwa nabahatisha tu, lakini nilipochomoa plagi ya antena ili niivute redio nje vizuri, redio ikazima. Nikairudisha, ikawaka. Nikachomoa tena, ikazima. Kumbe ethi haipo! Umeme wote ulikuwa unarudi kupitia ganda la waya wa antena. Nikaufuata mweusi mpaka mwisho wake, kauzungusha mara moja kwenye bolti ya kipande cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, nikafungua nati na chini yake rangi inang'aa haina hata mkwaruzo. Na bolti yenyewe imeingia kwenye plastiki. Plastiki! Kabla sijairekebisha nilipima, injini inanguruma, taa zimewashwa, mita upande mmoja kwenye ganda la chuma la redio na upande mwingine kwenye hasi ya betri, volti 0.7. Nikatafuta bolti iliyoshika bodi ya gari kweli, nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikabana kichwa cha waya kwa plaizi, nikakaza. Ikasoma 0.02. Nikawasha redio, nikakanyaga mafuta. Kimya. Nikakanyaga tena, kimya kabisa. Mbu wangu wa wiki zote hizo aliondoka kwa kipande cha msasa.

Kwa hiyo hukumu yangu nimeigeuza. Redio naipa nyota nne, kama si tano, maana ilivumilia mateso yote hayo na haikuungua. Fundi nilitaka kumpa sifuri. Halafu nikakumbuka kazi ya kuingiza fremu aliifanya kwa uangalifu, na hasi za spika hakuzigusisha na bodi, jambo ambalo kwa redio za sasa lingeweza kuiua kabisa, kwa hiyo mikono anayo. Nikasema basi, nyota mbili, binadamu hukosea.

Juzi nikafungua droo ya dashibodi natafuta karatasi za gari, nikaikuta ile adapta niliyompa. Bado imo kwenye mfuko wake, hata gundi ya mfuko haijafunguliwa. Alikata soketi ya gari yangu na adapta anayo mkononi. Hapo siwezi tena, nyota moja, na sitaki aniite bosi. Angekosea tu ningemsamehe, hata kuniambia "sijui" ningemheshimu, ila kumdharau mtu anayeuliza swali la maana kuhusu gari lake mwenyewe halafu swali lenyewe ndilo lilikuwa jibu, hilo limenikaa.

Njano, mwekundu na mweusi nimeshavilehemu na kuvivika mipira ile inayosinyaa kwa joto. Spika za nyuma bado ziko na tepu yake, na ya kushoto nadhani kageuza chanya na hasi maana besi ya nyuma imepungua, Jumapili nikipata nafasi nitaifungua niijaribu kwa betri ya rimoti, koni ya spika ikirudi ndani badala ya kutoka nje nitajua.