Kirkland baada ya kupanua mipaka: huduma nzuri, hesabu nzito

Sheria ya ukuaji ya jimbo la Washington, ya 1990, inapendelea maeneo yaliyotengwa kwa ukuaji wa miji yahudumiwe na miji yenyewe, si kaunti. Ndiyo maana tarehe 1 Juni 2011 jiji la Kirkland, karibu na Seattle, lilichukua vitongoji vya Finn Hill, Juanita ya kaskazini na Kingsgate, vyenye wakazi wapatao 31,000.

Kwa huduma, tunaisifu hatua hii bila kusita. Polisi na vibali vya ujenzi viko chini ya jiji, na mkazi anachagua madiwani wake. Maji ni jambo jingine: sehemu kubwa ya eneo hilo inahudumiwa na Northshore Utility District, shirika la umma la maji lililo nje ya jiji, kwa hiyo usitarajie bili hiyo kuhamia jijini.

Udhaifu uko kwenye fedha. Vitongoji vya makazi vina maduka machache, hivyo kodi ya mauzo ni ndogo, ilhali doria na barabara hudai pesa tangu siku ya kwanza. Jimbo lilisaidia kuziba pengo kwa kuliachia jiji sehemu ya kodi ya mauzo ya jimbo, sawa na asilimia 0.2 ya thamani ya mauzo, lakini kwa miaka 10 tu. Jiji linalotaka kuiga lipange bajeti ya mwaka wa 11 kabla wananchi hawajapiga kura kuhusu upanuzi huo.