Kadi za harusi za kwenye simu: nimezitumia, nawapa nyota tatu na nusu

Mdogo wangu kaoa juzijuzi na mi ndo nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo naongea kama majeruhi. Jina la kampuni nawahifadhia, wapo Sinza, vijana wanne na laptop zao, ofisini hakuna hata printa. Unawapa eksel ya majina na namba, wanadizaini, wanatuma WhatsApp kadi yenye jina la mtu, singo au dabo, na ile QR ya kuskani mlangoni, wenye kitochi wanapata meseji yenye namba. Tulilipa shilingi 700 kwa kadi, kadi 320. Kariakoo kadi ya kuchapa tuliambiwa 2,500 na bado mafuta ya bodaboda ya kuzungusha kuanzia Mbagala mpaka Bunju, sasa hapo unabishana nini.

Dizaini wapewe maua yao. Jamaa tulimpa picha ya kitenge cha bibi harusi tu, akatoa rangi zote za kadi humo humo, lisaa halijaisha karudisha. Zamani fundi anakufungulia albamu unachagua njiwa wawili au pete mbili, basi.

Shida ni michango. Hela watu wanatuma kwa simu miaka yote, M-Pesa ipo tangu 2008, ila kadi ya mchango ulikuwa unaipeleka kwa mkono, unakaa, unapewa chai, unaulizwa mama hajambo, mpaka unaaga mtu kashaandika ahadi maana atakimbilia wapi na wewe umekaa sebuleni kwake. Kwenye simu anaisoma, tiki mbili za bluu, kimya. Vijana wakasema msiwe na wasi, mfumo unakumbusha wenyewe, kumbe unakumbusha kila siku saa moja asubuhi! Shangazi yangu wa Tandika akala meseji tatu mfululizo "Ndugu mpendwa, ahadi yako haijakamilika", akanipigia, hata salamu hamna: "Baba, kwani mi nimekopa kausha damu kwenu?" Jumapili ikabidi niende mwenyewe kuomba radhi, nikala ubwabwa, nikasikiliza habari za mguu wake, nikarudi na laki moja kwenye bahasha. Aliahidi elfu hamsini.

Mlangoni sasa. Hii QR ni ya Wajapani wa Denso Wave, 1994, waliibuni kufuatilia vipuri vya magari, na imetengenezwa isomeke hata kama sehemu yake imeharibika, kwa kiwango cha juu kama asilimia 30 hivi. Nimeamini, kuna mtu kioo cha simu kimepasuka kama utando wa buibui, piii, kapita. Sema kipuri hakimtumii shemeji yake skrinishoti. Kafika mzee na suti yake, mfumo unasema kadi imeshatumika, kumbe mwanae katangulia na picha ya kadi ileile, yupo ndani anashusha pilau. Aibu nikaibeba mimi.

Halafu saa mbili usiku mtandao ukagoma na ile app bila intaneti ni ukuta, orodha ya karatasi hawana, foleni imefika getini, baunsa ananiangalia mimi, nikawa nasoma majina kwenye eksel ya simu yangu na chaji asilimia 9. Hiyo nusu nyota na nyingine moja zimeondokea hapo getini.

Kingine, niliuliza zile namba 320 za ndugu zetu zinaenda wapi harusi ikiisha, maana sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022 na inatumika tangu Mei 2023. Jibu: "Tunazitunza tu bro." Unazitunza za nini sasa?

Novemba tuna sendofu ya binamu na nitawarudia, kwa dizaini na skani hawana mpinzani kwa bei ile, ila kale ka mfumo ka kukumbusha kazimwe kabisa. Orodha naprinti mwenyewe. Na nimeshapita kwa yule fundi wa Kariakoo, anasema siku hizi oda zake ni za kadi 30, 40, za wazee tu, nami nikaweka ya 40. Ya shangazi nimeomba iwe na njiwa.