Mitungi Mitatu ya Kukereza kutoka Karakana ya Keko

Mitungi mitatu ya mapambo niliyoinunua katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, imekaa sebuleni kwangu tangu kabla ya masika, nami nilichelewesha tathmini hii kwa makusudi, kwa kuwa kazi ya kukereza, yaani kuchonga mti kwa patasi huku ukizungushwa na mashine, haijulikani siku ya kununuliwa bali baada ya mti kupitia joto na unyevu. Mmoja ni wa mninga, wa pili ni wa mwembe na una kifuniko, na wa tatu, mdogo kuliko yote, ni wa mpingo. Si ya kutilia maji, ingawa umbo limefuata mtungi wa udongo tunaoujua sote: kitako chembamba, tumbo lililojaa, shingo iliyobanwa na mdomo uliofunuka.

Mtungi wa mninga, wenye urefu wa sentimita 28, ndio uliogharimu zaidi, shilingi 90,000, na ndio ninaousifu bila kusita. Fundi ameacha utepe wa mti mweupe wa nje upande mmoja wa bega, nao unakutana na wekundu wa moyo wa mti. Chini ya shingo kuna pete tatu zilizoinuka, zikitenganishwa na vifereji vyembamba, na hapo ndipo pa kumpimia mkereza. Tumbo ni rahisi kulipiga msasa, kwa sababu karatasi hulilalia vizuri. Kwenye pete, msasa ukikandamizwa kupita kiasi hula kingo hadi pete ikafanana na kipande cha sabuni kilichotumika, na usipokandamizwa vya kutosha alama za patasi hubaki ndani ya kifereji. Nilipitisha ukucha katika kila kifereji, nao ulizunguka bila kukwama, huku kingo zikiwa bado kali.

Fundi alinieleza kwamba msasa namba 80 huutumia pale tu patasi ilipong'oa nyuzi, kisha hupanda 120, 180, 240 na 320, kila namba ikiwa laini kuliko iliyotangulia, bila kuruka hata mmoja, maana mkwaruzo wa namba 80 hauondolewi na namba 320, bali hung'arishwa tu. Kwa vifereji, huuzungushia msasa mwembamba kwenye kijiti. Mwishowe huzima mashine na kuupiga mtungi msasa kwa mkono, akifuata nyuzi za mti, ili kufuta mikwaruzo ya duara iliyoachwa na mzunguko. Hatua hiyo ya mwisho huchosha, na nimewahi kununua kwingine kazi ambayo hatua hiyo ilirukwa: mtungi ukiwekwa karibu na dirisha, mwanga wa ubavuni ulionyesha miduara kuanzia shingoni hadi kitakoni. Nilifarijika pia kuona mafundi wamevaa barakoa, kwa maana vumbi la mninga huwasha pua na kuumiza kifua.

Mtungi wa mwembe una uzuri wa aina nyingine, kwani umejaa mistari myeusi iliyochorwa na kuvu kabla ya gogo kukauka. Kasoro yake ilikuwa kifuniko. Masika yalipoanza kilikwama kabisa, na nilipokipeleka karakanani fundi alikitazama, akakiri papo hapo: "Dada, mwembe huu ulihitaji miezi mingine kivulini." Mti hutanuka na kusinyaa zaidi kukatisha nyuzi kuliko kuzifuata, kwa hiyo mdomo uliokerezwa duara kwenye mti usiokauka vizuri hugeuka kuwa na umbo la yai. Njia sahihi ni kukereza mara mbili: kwanza mti ukiwa mbichi, ukuta ukiachwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2 kwa mtungi wa sentimita 20, kisha kuukereza upya baada ya kukauka. Alipunguza ulimi wa kifuniko bila malipo, na sasa kinaingia kwa ulegevu kidogo. Kwa shilingi 70,000, hata hivyo, sikupaswa kurudi Keko.

Mtungi wa mpingo, wa sentimita 11 na shilingi 60,000, ni mzito ajabu kwa udogo wake, kama ilivyo kawaida ya mti huu uzamao majini. Haukupakwa vanishi, bali nta tu, na weusi wake unatosha. Una mifuo, yaani mifereji, 12 ya wima iliyochongwa kwa mkono baada ya kukerezwa, na nafasi kati yake zinalingana kwa sababu mzunguko uligawanywa kwa bikari mtungi ukiwa bado mashineni. Mifuo miwili haikupigwa msasa hadi mwisho; karibu na kitako kidole kinahisi alama za patasi.

Vitako vya mitungi yote vimetiwa kibonyeo kidogo katikati, hivyo haitikisiki mezani, wala hakuna kitambaa kilichobandikwa kuficha matundu ya skrubu zilizoushikilia mti mashineni. Nimeagiza mtungi wa nne, wa mninga na wenye kifuniko. Fundi ameomba miezi sita ili mti ukauke kati ya ukerezaji wa kwanza na wa pili, nami nimekubali na kulipa nusu.