TAHADHARI Mtwara mjini: fundi anawauzia watu Windows iliyomo ndani ya kompyuta zao wenyewe

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, na nyie wa Masasi, Newala na Tandahimba ambao mashine zikigoma mnazipakia kwenye gari kuja mjini, someni hii kabla hamjamkabidhi mtu kompyuta. Kuna fundi hapa mjini anachukua hela za watu kwa kitu ambacho wanacho tayari, na kibaya zaidi akimaliza anakifuta ili siku nyingine ikigoma usiwe na pa kukimbilia zaidi ya kwake. Jina lake siliweki hapa, ninachotaka mjue ni mchezo wenyewe, maana kesho anaweza kuhama fremu au akaja mwingine na mchezo uleule.

Inaenda hivi. Umeme unakata ghafla, ukirudi unawasha kompyuta inaishia kwenye nembo ya kampuni au inazungusha vidoti tu mpaka unachoka. Unampelekea. Anaiwasha mbele yako, anatikisa kichwa, anakwambia Windows imekufa na mashine kama hii haikubali zile za kuchoma, inataka original, na original Mtwara haipo, inabidi iagizwe Kariakoo ije na basi. Elfu 90, hela mbele. Rudi keshokutwa. Keshokutwa unaikuta inawaka safi kama imetoka dukani, unashukuru, unaondoka.

Hakuna basi lililoleta kitu jamani. Alichofanya ni kuwasha mashine huku anabonyeza kitufe kimoja cha kibodi, akakubali maswali mawili matatu, akaenda kunywa chai. Ni sawa na mtu achote maji kwenye tangi la kwenu alafu akuuzie kwa ndoo.

Niwaeleze kinachoendelea ndani. Zamani ukinunua kompyuta ulikuwa unapewa na CD zake za Windows. Miaka ya 2000 makampuni mengi yakaacha kutoa CD, badala yake yakawa yanakata kipande cha hard disk (disiki ya ndani inayotunza kila kitu cha kompyuta) na kuweka humo nakala nzima ya Windows pamoja na draiva zote (programu za kuendeshea vifaa) za ile mashine. Kile kipande ndo kinaitwa patisheni ya rikavari. Kwa mashine nyingi za miaka ya Windows Vista, 7 na 8 kina kama GB 10 mpaka 20, na kimefichwa, ukifungua pale unapoona disiki C hukioni, au unaona disiki D imeandikwa RECOVERY imejaa karibu yote na hujui ya nini. Kimewekwa humo kwa ajili yako wewe mwenye mashine, bei yake iko ndani ya hela uliyonunulia kompyuta.

Nimejuaje kwamba huyu bwana haagizi chochote? Dada yangu mkubwa ana steshenari, anachapa barua na kutoa kopi, ana HP ya zamani ya Windows 7. Iligoma, akampelekea, akalipa, ikarudi. Nilivyoiwasha tu nikakuta picha ya ukutani ni ile ya HP ya kiwandani, magemu ya HP yaleyale, Norton ya majaribio ya siku 60 inaomba isajiliwe, na saa imewekwa ya Marekani. Windows inayonunuliwa Kariakoo haiji na magemu ya HP. Vitu vile vinatokea sehemu moja tu, kwenye patisheni ya rikavari ya mashine ileile. Alafu angalia na hili, alimwambia amemwekea Windows "mpya", kumbe ni Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Januari 2020. Elfu 90!

Ya dada angalau kipande kilibaki. Kuna kaka mmoja ni karani wa chama cha msingi huko Tandahimba, laptopu yake ni Acer, iligoma katikati ya msimu wa korosho. Yeye alimsisitizia kabisa fundi kwamba humo ndani kuna mafaili ya Excel ya wakulima, majina, kilo za kila mtu na makato, naomba yasiguswe. Akajibiwa usijali. Mashine ikarudi tupu. Kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani kunafuta kila kilichopo kwenye C, na fundi yeyote anajua hilo, kwaiyo ile usijali ilikuwa uongo wa macho makavu. Yule kaka akaanza upya kuingiza makaratasi usiku na mchana huku wakulima wanauliza malipo yao, na wanaouliza ni watu wanaosubiri ile hela kwa mwaka mzima. Juu ya hapo fundi akamwambia kwa furaha kwamba amempa ofa, amemuongezea nafasi kwenye disiki karibu GB 16. Hiyo ndo ilikuwa patisheni yake ya rikavari imefutwa ikaunganishwa na C. Saivi akibonyeza Alt na F10, vitufe vya kufungulia rikavari kwenye Acer, haitokei kitu.

Hapo ndo panaponiuma kuliko ile hela. Mtu analipa elfu 90, anafutiwa kazi yake, anafutiwa na dawa, alafu anaambiwa ni zawadi.

Sasa mjue vitufe vyenu. Unazima kabisa, unawasha, na hapohapo kabla Windows haijaanza unabonyeza bonyeza. HP ni F11, kwa nyingine unaanza na Esc alafu F11. Acer unashika Alt unabonyeza F10, na kama haikubali ingia kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza) uangalie D2D Recovery isiwe imezimwa. Asus F9. Toshiba unashikilia sifuri ile ya juu ya herufi huku unawasha. Samsung F4. Sony Vaio F10, za baadaye zina kitufe kimeandikwa ASSIST. Lenovo nyingi zina kakitufe kadogo pembeni, nyingine ni kitundu unachokoa na pini, kanaitwa Novo. Dell za Windows 7 ni F8 alafu unachagua kurekebisha kompyuta, za karibuni ni F12. Ikifunguka usikurupuke kubonyeza ndio ndio, soma kila ukurasa, kwa sababu ile inayosema kurudisha hali ya kiwandani inafuta vyako.

Za Windows 8, 10 na 11 ni rahisi zaidi. Kama inawaka mpaka pale pa kuandika paswedi, shikilia Shift ukiwa unabonyeza Restart. Kama haifiki hapo, iwashe, ikianza tu kupakia ishikilie kitufe cha pawa mpaka izime, fanya hivyo mara mbili mfululizo, ya tatu yenyewe inaleta ukurasa wa bluu. Ingia "Troubleshoot" alafu, kwa Windows 10 na 11, "Reset this PC", utaulizwa uchague "Keep my files" au "Remove everything" (kwenye Windows 8 inayobakiza mafaili inaitwa "Refresh your PC", na "Reset your PC" inafuta vyote). Ya kwanza inabakiza nyaraka na picha zako, ila programu ulizoongeza zinaondoka. Ikikudai namba ndefu za BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda disiki, usiogope, mara nyingi zipo kwenye akaunti ya Microsoft iliyowekwa kwenye hiyo mashine, ingia kwa simu uzichukue.

Na ule uongo wa leseni pia muujue. Kompyuta iliyokuja na Windows 8 au ya baadaye kutoka kiwandani, namba zake za leseni zimo ndani ya bodi yenyewe, ndo maana chini haina ile stika yenye herufi na tarakimu 25 kama za Windows 7. Ukiweka upya toleo lilelile inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Hata kama patisheni imefutwa au hard disk imebadilishwa, Windows 10 na 11 unaipakua bure kwa Microsoft wenyewe, unahitaji flashi ya GB 8 na bando la kutosha. Fundi akikutoza hela ya kazi na bando lake ni haki yake kabisa, mimi simnyimi mtu jasho lake, na mafundi waaminifu hapa Mtwara wapo wanaokwambia ukweli na kukufanyia ukiangalia. Ninachokataa ni kumuuzia mtu leseni aliyokwishailipia.

Wengine walienda kwake na Windows halali wakarudi na ya kuchakachua. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /xpr alafu Enter. Mashine ya nyumbani yenye leseni halali inasema imewashwa moja kwa moja. Ikikutajia tarehe ya kuisha, ndani ya siku 180, hapo umewekewa ujanja, na vile vijiprogramu vya kuchakachua mara nyingi vinataka antivairasi izimwe kwanza, sasa jiulize vinaingia na nini.

Kuona kama patisheni yako ipo, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc alafu Enter, itafunguka Disk Management. Utaona vipande vimepangwa, kilichoandikwa Recovery ndo chenyewe, kiwe hakina herufi au kina kama ile D. Kama hakina herufi usikipe, na usikifute. Usishtuke ukikuta kidogo cha MB 500 au GB 1, mashine nyingi za siku hizi zinatosheka na hicho. Na ukinunua mtumba wa Dubai ukakuta hakipo, si lazima umeibiwa, wengi wanabadilisha disiki kabla ya kuuza.

Mashine ikigoma na ndani kuna kazi za watu, mafaili kwanza. Disiki inaweza kutolewa ikachomekwa kama flashi kwenye kompyuta nyingine, au mashine ikawashwa kwa flashi ya Ubuntu (mfumo mwingine wa bure unaowaka kutoka kwenye flashi) bila kugusa kilichopo, mkanakili kila kitu mkakiona kwa macho, ndo Windows ifuate. Fundi anayekataa kukuonyesha mafaili yako yakiwa yamenakiliwa, chukua mashine uondoke. Na dai risiti iliyoandikwa alichofanya, si "matengenezo" tu, kama ni Windows iandikwe toleo gani na leseni imetoka wapi.

Dada na yule karani wameshakubali kuandika malalamiko, wataanzia ofisi ya serikali ya mtaa na wakizungushwa wanaenda polisi. Kama na wewe ulilipia "original ya Kariakoo" usiguse kitu kwenye hiyo mashine, piga picha ile Disk Management, tunza meseji za malipo ya simu zenye tarehe, na unitumie mimi ujumbe ili muende pamoja, maana mkiwa wengi hawezi kusema ni kutoelewana na mteja mmoja.