Mkanda wa kifuani wenye pete mbili na kamba ya mita 3: uzoefu wangu

Nimeutumia wiki nane, karibu kila siku, kwa mbwa jike wa miezi saba mwenye kilo 18. Niseme mapema: mkanda huu haumfundishi mbwa utulivu. Kazi yake ni kumpunguzia nguvu ya kuvuta ili wewe upate nafasi ya kumfundisha.

Pete moja iko mgongoni, nyingine kifuani. Kamba ikifungwa mgongoni, mbwa anavuta kama ng'ombe wa plau, kwa kuwa anasukuma kwa kifua kizima. Ikifungwa kifuani, kila akivuta anageuka ubavu, na uso wake unarudi upande wako. Hapo ndipo pesa yako ilipo.

Upande wa kuvalisha, vidole viwili vipite chini ya kila ukanda. Ukanda wa tumbo usikaribie kwapa. Ukisogea unachubua, na dalili ya kwanza ni manyoya kukatika, kidonda huja baadaye. Mbwa wa umri huu bado anakua, kwa hiyo pima upya kila wiki. Kasoro niliyoiona: vibano vya plastiki vya kurekebisha urefu huteleza taratibu, nami nimevishona kwa nyuzi chache. Kasoro nyingine, mbwa akirudi kinyumenyume kwa hofu anaweza kuchomoka. Nimeunganisha pete ya kifuani na kola yake kwa kamba fupi, iliyolegea.

Mazoezi nimeyafanyia karibu na kijiwe cha bodaboda. Pikipiki zimeegeshwa mahali pamoja, kwa hiyo umbali unauamua mwenyewe. Paka hana adabu hiyo.

Chukua maini yaliyochemshwa bila chumvi, yakatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, 30 hadi 40, na upunguze chakula chake cha jioni kwa kiasi hichohicho. Anza mita 30 kutoka kijiweni. Akitazama tu pikipiki, sema "safi!" papo hapo, kisha mpe kipande karibu na goti lako. Neno linatangulia, mkono unafuata. Ukimwonyesha nyama kabla hajatazama, anajifunza kufuata nyama, na siku mfuko ukiwa mtupu huna mbwa.

Baada ya siku nne au tano, nyamaza. Akitazama, hesabu kimoyomoyo hadi tatu. Akikugeukia mwenyewe, "safi!" na vipande viwili. Asipogeuka, au akikataa hata maini, mko karibu mno: mdomo umefumba, masikio yamesimama, mkia umekakamaa. Usimwite mara kumi. Rudi nyuma mita tano na uanze tena. Ukipata mara nane katika kumi, sogea mita mbili tatu, si zaidi. Dakika kumi zinatosha. Mbwa aliyechoka ndiye anayeruka na kung'ata kamba.

Kosa linaloharibu kazi yote ni mkono wa mwenye mbwa. Ukiona mbwa koko anakuja, unakaza kamba bila kujua, na wako anajifunza kwamba kamba ikikaza kuna shari. Kamba ilegee kama ya kuanikia nguo. Usiizungushe kiganjani, nailoni ikikimbia inaunguza, na ikikaza inavunja vidole. Pia usimkurupue kwa mvuto wa ghafla: pete ya kifuani inamzungusha na anaweza kuumia bega.

Toka kabla ya saa mbili asubuhi au jua likishapoa. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua, na mbwa anayekanyaga moto hawezi kutulia hata umpe ini zima.

Kwa mbwa wa chini ya kilo 6 nisingeununua. Kulabu ni nzito mno, itamgonga kifuani kila hatua.