Fundi fremu wa Kinondoni, huyu kweli anaangalia picha

Jamani kama unapenda picha za kale, zile za wachoraji wa karne zilizopita, na hujui pa kuziprinti hapa Dar, kuna fundi yuko Kinondoni, kaduka kadogo tu hata bango la maana hakana.

Ugonjwa wangu ni ile picha ya dada anamimina maziwa, ya Vermeer wa Uholanzi, kaichora kwenye 1660 hivi, yenyewe iko Rijksmuseum, Amsterdam, na wameiweka mtandaoni bure, faili kubwa kabisa, unadaunlodi tu. Sasa ikuze uangalie ukuta nyuma ya yule dada. Kuna kimsumari kimegongwa na kivuli chake, na vitundu palipong'olewa misumari mingine, yaani mtu alikaa akauchora ukuta wa jikoni kama ulivyo, hadi leo ukiutazama unaujua, ni ukuta wa jikoni kwa bibi.

Duka la kwanza nililopeleka, silitaji, walinisafishia!! Walidhani ni uchafu, wakafuta msumari na vitundu vyote, ukuta ukawa mweupe pee, halafu wakaongeza rangi hadi ile aproni ya bluu ikawa kama jezi ya mpira. Niliumia aisee. Bluu ile ilikuwa ya gharama, ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli la Afghanistan, na imetulia, haikupigii kelele.

Huyu wa Kinondoni alifungua faili akalikuza, kimya kama dakika tano, akaniuliza, "Dada, hapa ukutani naona msumari, ndo ulivyo?" Nikamwambia ndo ulivyo. "Basi tunauacha." Akaprinti kwanza kipande cha kiganja tukatoka nacho nje tukaiangalia bluu juani, akarekebisha, akatoa kingine. Saizi tukaweka ileile ya orijino, sentimita 45.5 kwa 41, ni kapicha kadogo kuliko wengi wanavyodhani.

Nilimpa pia faru wa Dürer, wa 1515. Huyo Mjerumani hakuwahi kumwona faru, alifuata barua na mchoro vilivyotoka Lisbon, ndo maana kamvisha kama mabati ya vita na kipembe cha ziada mgongoni, mwanangu aliyemwona faru Ngorongoro alibisha jioni nzima. Hii ni ya karatasi, fundi akazungushia kadibodi ndani ya fremu isigusane na kioo, maana kwa joto na unyevu wa huku inanata na ukiibandua inachanika.

Kuchelewa anachelewa, aliniambia Jumatano nikachukua Jumamosi, na pa kupaki hakuna. Zote mbili na fremu za mbao nimelipa elfu 95, kwangu ni haki yake kabisa.

Ila faili mpelekee kwenye flashi, usimrushie WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na msumari wote unapotea.