Antena ya fremu ya mbao au ya fimbo ya feraiti kwa AM ya mbali?

Jua likishazama na AM ya redio ikaanza kuvuta stesheni za mbali, ubishi ni huu huu: antena ya waya uliozungushiwa fremu ya mbao, au ya waya uliozungushiwa feraiti, ile fimbo nyeusi ngumu iliyomo ndani ya redio? Mi naanza na hela: fremu ya sentimita 60 kwa 60 inakula waya kama mita 25, raundi 10 hivi, mbao okoteza tu, halafu ile kapasita ya kuzungusha ya pF (pikofaradi) 365, ya kutafutia stesheni, chomoa kwenye redio mbovu kwa fundi. Fimbo ya feraiti nayo utaikuta humo humo, ila moja haifui dafu, itabidi ufunge kadhaa pamoja na hapo ndo bei inapaa, na ikidondoka sakafuni inakatika kama chaki.

Kwa kuvuta, fremu kubwa raha sana aisee, unaiweka tu pembeni ya redio, huungi waya popote, unazungusha kapasita taratibu mpaka stesheni iliyokuwa inanong'ona inaruka juu ghafla. Kuua kelele za chaja na taa za LED zote zinaweza, fremu unaigeuzia ubapa kwenye kelele, fimbo unaielekezea ncha, ila fimbo ni nyepesi kugeuza na kuinamisha.

Matunzo? Mbao za pwani zinapinda, waya unalegea. Feraiti haina shida hizo.

Sasa kama umepanga chumba kimoja na kitanda kimejaa, fremu utaiweka wapi? Mwenye baraza lake na redio ndogo ya mkononi, achonge mbao.